Vita vya Merikebu Sebuleni Kwangu, Kahama

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nasema hivi mapema ili anayesoma ajue anasoma maneno ya nani. Nimechimba dhahabu Nyarugusu nikiwa na kaptura moja, na nimemwona mtu aliyeuza jiwe la dhahabu asubuhi akiomba sigara ya kipande jioni. Nimebeba marobota ya pamba Shinyanga mpaka bega likaota nundu kama fahali. Nimenunua lori bovu watu wakicheka, nikalifufua kwa mikono hii, na waliocheka wakalipanda kwa nauli. Shule niliiacha darasa la nne, katikati ya mwaka, na mwalimu akasema nitakuwa mtu wa hovyo. Leo nina mashine ya kusaga, lori la tani saba, nyumba ya bati ya vyumba sita, na mchezo wa vita vya merikebu nilioutunga mwenyewe kuanzia msumari wa kwanza. Kutoka hapa Kahama mpaka Mwanza sijasikia mwenye mwingine.

Watu huniuliza mashine niliipataje. Habari za mchezo hawaniulizi, kwa hiyo nitazieleza bila kuulizwa.

Mzungu mmoja mpimaji wa miamba alirudi kwao, vitu vyake vikapigwa mnada Geita. Nikanunua sanduku la mbao lililofungwa kwa kufuli, zito, kwa sababu niliponyanyua upande mmoja nilijua ni spana. Uzito wa spana naujua. Kulifungua, vitabu sita. Vitano vilikuwa vya mawe, nikawauzia akina mama wa karanga karatasi za kufungia. Cha sita kilikuwa na picha za merikebu za matanga, zimejipanga kama ng'ombe waendao lamboni, zinapigana mizinga, moshi kila mahali. Pembeni kulikuwa na michoro ya mistari na mishale kuonyesha upepo unatoka wapi na nani alimzunguka nani. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Nikasoma picha. Baadaye nikakiweka chini ya mguu wa kabati, na kabati likaacha kucheza.

Kikakaa hapo miaka mingi, mpaka ulipofika wakati ule wa mwanzo wa miaka ya themanini ambapo dukani ulikuta rafu na mwenye duka tu. Dizeli ilikuwa ya kibali. Mashine yangu ikawa inafanya kazi siku mbili kwa juma, siku zinazobaki nakaa. Na mimi kukaa siwezi. Bao nilikuwa nimeshawamaliza wote mtaani, hakuna aliyekubali tena kucheza nami. Mke wangu anasema walichoka kubishana nami juu ya kuhesabu kete. Hayo ni maneno yake.

Basi nikafikiri: kama hakuna wa kucheza naye, nitatunga mchezo wa mtu mmoja, nicheze na adui asiyekuwepo. Huyo hataweza kuondoka na kusema mimi mkorofi. Nikachomoa kitabu chini ya kabati.

Mshauri wangu alikuwa fundi cherehani ambaye baraza lake limepakana na mashine. Babu yake alitoka Pwani na msafara wa biashara, yeye mwenyewe kazaliwa hapa Kahama nyuma ya soko, lakini bahari huizungumza kama mtu aliyeiacha jana asubuhi. Mimi maji makubwa niliyoyaona ni ya ziwa, tena kutoka juu ya lori. Watu wawili ambao hawajawahi kuiona bahari tukakaa barazani kuitengeneza.

Ubao ulikuwa plaiwudi ya dari. Rangi ya samawati haikuwepo mjini, nikapaka buluu ya kufulia, ndiyo maana mwaka ule wote vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu aliyekufa kwa baridi. Merikebu nilizichonga kwa mninga. Matanga fundi alikata kutoka kitambaa kigumu cha kola za shati. Dadu nilichonga mwenyewe kutoka mfupa wa ng'ombe, na mpaka leo nakataa kwamba ina upande inaoupenda.

Jaribio la kwanza nilichora miraba kama ya drafti. Vita vikaisha kabla chai haijapoa, kwa sababu kila merikebu ilikwenda kokote.

"Bwana Mashine," fundi akasema, sindano mdomoni, "merikebu hairudi kinyumenyume."

"Kwa nini isirudi? Lori linarudi."

"Lori lina gia. Merikebu ina upepo. Na haiendi upepo unakotoka, labda ipige bisho, iende mshazari, huku na huku."

"Umeiona wapi ikipiga huko huku na huku?"

"Babu aliniambia."

"Babu yako alikuja hapa kwa miguu, fundi."

"Alikuja kwa miguu baada ya kushuka."

Nikamkubalia la upepo, nikapigilia msumari katikati na mshale wa bati juu yake, kila zamu tano unarusha dadu kuona umegeuka au haujageuka. Kuhusu kugeuza merikebu sikuhitaji babu wa mtu. Nimeendesha mkokoteni wa ng'ombe tangu utoto, najua kitu kizito kilichojaa hakikati kona papo hapo. Nikaandika kwenye daftari: merikebu kubwa hugeuka chumba kimoja kwa zamu, ndogo vyumba viwili.

Ila miraba ilinisumbua. Kwenda mshazari ni mbali kuliko kwenda moja kwa moja, na kwenye drafti yote mawili ni hatua moja. Niliumia kichwa juma zima. Siku moja nakula asali kwenye sega, naliangalia, naona kila chumba kina majirani sita, na kutoka chumba mpaka jirani yake ni sawasawa pande zote. Nikaacha asali inadondoka kwenye suruali, nikaenda kuchora. Juzi kijana mmoja aliyesoma akaniambia Wazungu nao hutumia vyumba vya namna hiyo kwenye michezo yao ya vita. Inawezekana. Nyuki wako kila mahali.

Kazi kubwa ilikuwa adui. Adui hayupo, lakini lazima afikiri. Kwanza nilimwachia dadu tupu: moja anakwenda kulia, mbili kushoto. Akazunguka siku mbili kama mlevi asiyeijua nyumba yake, hatukukutana. Nikampa akili. Niliandika ukurasa wa kumi na moja, na niliuandika kwa wino mwekundu niupende zaidi: *Kila merikebu ya adui humfuata aliye karibu naye, na akimfikia humpiga.* Merikebu zake tano. Zangu tatu, mbili kubwa na mashua moja ndogo. Yeye analinda bandari nyuma ya kisiwa, mimi natakiwa niingize merikebu kubwa moja bandarini. Basi.

Nikacheza, akaniua. Nikacheza tena, akaniua. Mara ishirini na tatu mfululizo, na kila mara nilisimama nimejaa furaha. Adui wa namna ile hujapata kumwona.

"Nani kashinda leo?" mke wangu huuliza akipita na ndoo.

"Mimi."

"Na nani kashindwa?"

"Mimi pia. Lakini aliyeshindwa ndiye aliyemtunga aliyeshinda."

"Haya, baba watoto. Chakula kipo."

Hapo ndipo alipoletwa mama mkwe.

Mkwe wangu ni mwanamke wa Usumbwa, ng'ambo ya Ushirombo, mjane, anakaa kwenye mji wake na ng'ombe wanane na shemeji yangu mmoja wa kike mwenye watoto wadogo. Alipanda ngazi kuezeka upya kihenge chake cha mtama, ngazi ikateleza, mguu ukavunjika juu ya kifundo. Wakamleta hospitali ya mjini, akafungwa plasta, na kwangu ndiko kwenye nafasi. Nilifurahi kumpokea. Nilimpokea kutoka nyuma ya nyumba, nikiwa nimegeukia ukuta.

Kwa asiyejua mila zetu: mimi na mama mzazi wa mke wangu hatukai chumba kimoja. Sili anapokula, simtazami usoni, simpi mkono, jina lake silitamki. Nikiingia kwangu nakohoa kwanza, ili asikie, ajifunike au nijifiche, mmoja wetu. Si ugomvi. Ni heshima, na kadiri unavyomheshimu ndivyo unavyomkimbia. Mimi nilimheshimu sana. Katika wiki mbili za kwanza nilikohoa mpaka mpangaji wangu akaniletea dawa.

Taabu ni kwamba chumba alicholala kilifungukia sebuleni, na sebuleni ndiko kulikokuwa na bahari. Tukagawana kwa kupitia mke wangu. Asubuhi sebule ni yangu, anabaki chumbani. Nikishaenda mashineni ni yake, ananyoosha mguu juu ya kigoda.

Siku moja nikarudi, nikaona mashua yangu haipo nilipoiacha.

Nikasema kuku. Nikafunga mlango wa uani. Kesho yake merikebu mbili zimesogea na mshale wa upepo umegeuka. Kuku hajui upepo. Nikaweka alama za mkaa chini ya kila chombo, nikaenda kazini. Niliporudi nikapiga magoti na daftari mkononi nikahesabu kila chumba. Zilikuwa zamu nane. Hakuna hata moja iliyovunja sheria. Kubwa zimegeuka chumba kimojakimoja, adui kajibu kama ukurasa wa kumi na moja unavyosema. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikosea zamu moja katika tatu.

"Mama watoto," nikaita kwa sauti ya chini, "nani anacheza?"

Akaangalia sufuria. "Mama anachoka kukaa."

"Mama hajui kusoma."

"Nilimsomea daftari mara moja."

"Kurasa zote?"

"Aliniambia nisirudie."

Tangu siku hiyo nikawa na mjaribu. Mtunga mchezo anahitaji mtu wa kuujaribu asiye yeye, na wangu alikuwa mtu nisiyeruhusiwa kumtazama. Tukawa tunaongea kwa merikebu. Asubuhi naacha vita mahali fulani, alasiri nakuta vimefika mahali pengine, na jioni wakati wa kula mke wangu analeta maneno pamoja na ugali.

"Mama anauliza hawa watu wanakunywa nini."

"Wako baharini. Wamezungukwa na maji."

Nikamweleza fundi kesho yake, akacheka mpaka akajichoma. "Ya chumvi yale, Bwana Mashine. Hata babu yangu asingehitaji kuniambia."

Basi nikavumbua sheria ya maji: kila zamu kumi za kutembea lazima chombo kipite kisiwani kunywesha, kama mifugo. Mchezo ukabadilika kabisa, ukawa na maana. Juma lililofuata mkwe akasema haiwezekani merikebu iliyopigwa mara tatu itembee sawa na nzima, ng'ombe mwenye kidonda hubaki nyuma. Nikavumbua na hilo. Akasema mashua ina kasi ya kuupita upepo wenyewe. Nikaipunguza. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimevumbua sheria tisa, na fundi akakiri hajawahi kuona mtu anayevumbua kwa haraka hivyo.

Plasta ikaondolewa. Mguu ulikuwa mwembamba lakini unakanyaga kwa fimbo. Na hapo maneno ya jioni yakabadilika.

"Mama anaomba kurudi kwake."

"Mguu haujakomaa."

"Kihenge hakina paa. Alianguka kabla hajamaliza. Mtama wote wa mwaka uko mle, na mawingu umeyaona."

Niliyaona. Kila mtu aliyaona, yalikuwa yanajikusanya upande wa magharibi kila alasiri. Mvua ya kwanza ikiingia kwenye kihenge kilicho wazi, ndani ya siku chache mtama unachipua humohumo na kuoza, na watu wale watakula nini mpaka mavuno. Shemeji yangu ni mjamzito, hapandi ngazi. Basi la huko lilikuwa juu ya mawe tangu Saba Saba kwa kukosa matairi. Kilichobaki ni lori langu, na lori langu lilikuwa na dizeli ya pipa moja, pipa la mashine, la kibali. Nikilimimina kwenye lori, mashine inalala mwezi mzima.

Nikasema, "Dizeli ikipatikana, siku hiyohiyo."

Nilisema hivyo Jumatatu. Nikasema tena Alhamisi. Mke wangu aliacha kuniletea ugali mwenyewe, akawa anautuma.

Sasa, sifa zangu mimi hazijanidhuru maishani isipokuwa mara chache. Hii ni mojawapo. Tulikuwa barazani kwa fundi, wanaume kama saba na kahawa, fundi akasema mchezo ambao haujawahi kushindwa si mchezo, ni mtego wa panya.

"Adui wangu hashindiki," nikasema, "kwa sababu nimemtunga mimi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Mtu yeyote, mkubwa, mdogo, msomi, akiingiza merikebu katika bandari ile, aniombe kitu chochote kilicho katika uwezo wangu, nitampa. Nyote mashahidi."

Maneno yale yalifika nyumbani kabla yangu. Sijui yalipita njia gani, nilitembea haraka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kiuno.

"Mama anasema amesikia."

"Amesikia nini?"

"Mtu yeyote."

"Sikumaanisha watu wa nyumbani."

"Anasema kesho saa nne. Fundi awe shahidi, arushe dadu ya adui. Akishinda unampeleka kwake Jumamosi. Akishindwa hataomba tena, atakaa mpaka utakapopenda."

Nikacheka. Nilicheka kwa moyo safi, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa mara ishirini na tatu na sikuona mtu wa kufanya zaidi ya hapo.

Kesho yake saa nne fundi akaja amevaa kanzu ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumatano. Mimi nikakaa nje, chini ya dirisha la sebule, juu ya debe, mgongo ukutani. Waliopita njiani walinisalimu kama mtu aliyefukuzwa kwake. Ndani nikasikia fundi, "Shikamoo, mama," na sauti nisiyoisikiaga ikajibu, "Marahaba, mwanangu. Keti. Usikae upande wa upepo."

Fundi alikuwa akitaja kila hatua kwa sauti ili niifuate. Nilikuwa na ubao wangu kichwani, sihitaji macho.

"Merikebu kubwa ya kwanza, haiondoki," fundi akasema. "Ya pili, haiondoki. Mashua, vyumba vinne kusini."

Nikatabasamu. Mtu anayeanza kwa kuziacha merikebu zake kubwa zimelala, huyo anaogopa.

"Adui wote watano wanafuata mashua."

"Mashua, vitatu magharibi."

"Adui wanafuata."

"Mashua, vitatu. Inazunguka kisiwa."

"Adui wanafuata. Wa tano kachelewa, lakini anafuata."

Ilinichukua mpaka zamu ya tisa kuelewa. Kubwa mbili zilikuwa mbali kule pembeni, hazimkaribii mtu yeyote. Aliye karibu na adui kila wakati ni mashua. Na mashua ilikuwa inatembea vyumba viwili mbele yao, haizidi, haipungui, kama mtu anayetembea mbele ya ndama na kiganja cha magadi. Merikebu tano za vita, zenye mizinga, zilikuwa zinaongozwa kuzunguka kisiwa, zinaiacha bandari wazi.

"Mama watoto," nikaita, "mwambie fundi adui hawezi kufanya hivyo. Angegundua."

"Anasema angegundua," mke wangu akasema ndani, ingawa ukuta ni wa tofali moja.

"Ukurasa wa kumi na moja," fundi akajibu. "Humfuata aliye karibu naye. Kwa wino mwekundu, Bwana Mashine."

"Ongezeni hapo: isipokuwa akiona anadanganywa."

Kisha ile sauti nyingine, polepole, haisemi nami, inasema na binti yake: "Muulize mumeo, sheria inaandikwa kabla ya vita au katikati?"

Mjue mimi ni mtu wa hoja. Nimebishana na mabwana shamba, na wanunuzi wa pamba, na dalali wa dhahabu mwenye mizani ya uongo, na wote niliwaacha wanajikuna. Lakini kwa mkwe huna mdomo. Dunia nzima palikuwa na mtu mmoja nisiyeweza kumjibu, naye ndiye aliyekuwa anazungusha majeshi yangu kisiwani.

Zamu ya kumi na tano dadu ikanihurumia. Upepo uligeuka, mashua ikashikwa uso kwa uso na upepo, haiwezi kwenda. Kubwa zilikuwa zimeshang'oa nanga lakini zimebakiza vyumba sita kufika bandarini. Nikasimama juu ya debe.

"Adui wamefika," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni. "Wote watano wameizunguka."

"Mashua ina watu wangapi?" mkwe akauliza.

"Daftari linasema kumi na wawili, mama."

"Waogelee. Kisiwa kiko karibu."

Mashua ikapigwa, ikazama. Lakini kuipiga kulichukua zamu mbili, kwa sababu adui watano katika vyumba vya asali wanazibiana njia wao kwa wao, na kila mmoja mzito hageuki ila chumba kimoja. Sheria ya mkokoteni, niliyoiandika mimi. Walipomaliza kugeuka, fundi alikuwa anahesabu kwa sauti, tatu, mbili, moja.

"Imeingia?" nikauliza dirishani.

"Zimeingia zote mbili," fundi akasema. "Zinatia nanga."

Nikasikia fimbo ya mkwe ikigonga sakafu, anainuka. Kabla ya kuingia chumbani alimwambia mke wangu, kwa sauti ya kunifikia: "Adui wake ni hodari. Tatizo ana akili ya ndama, anamfuata aliye karibu hata kama si mama yake. Mwambie ampe mmoja wa kubaki nyumbani."

Nikavumbua sheria hiyo jioni ileile.

Jumamosi tulikuwa na shida moja zaidi ambayo wakati wa kujisifu sikuifikiria. Lori lile dereva wake ni mimi. Kebini ina kiti kimoja kirefu. Mkwe mwenye mguu mbovu hawezi kukaa nyuma kwenye bodi, na mimi siwezi kukaa naye kebini, bega kwa bega, mwendo wa siku nzima. Ikabidi nikodi dereva wa mtu mwingine aendeshe lori langu, mke wangu akakaa katikati, mkwe dirishani, na mimi, mwenye mali, nikapanda nyuma pamoja na mafurushi na manyasi, nimegeukia tulikotoka ili nisiuone hata utaji wake kwenye kioo. Pipa la mashine sikuligusa. Nilinunua dizeli kwa mlango wa nyuma, kwa bei ambayo muuzaji mwenyewe aliitaja akiangalia chini.

Yule dereva hakuwahi kukutana na shimo asilolipenda. Baada ya Ushirombo jani la springi likakatika, tukalifunga kwa mnyororo. Vumbi lilinijaa mpaka watu wa vijijini wakanipungia mkono wakidhani nimekufa na napelekwa kuzikwa nimekaa.

Tulifika jua likiwa bado juu. Kihenge kilikuwa vilevile, ngazi chini, mtama wazi, na wingu jeusi limekaa juu ya msitu. Mkwe akaingizwa nyumbani, mlango ukasogezwa. Kisha shemeji yangu akaja na tumbo lake na maneno ya mama yake mpaka nilipokuwa nimejibanza nyuma ya zizi.

"Mayu anasema wabeja, asante kwa lori. Anauliza kama mkwe wake ni mtu wa kupanda ngazi."

Nina kilo tisini na mbili. Nilipanda. Dereva akanishikia ngazi huku akinikumbusha kwamba hilo halikuwa kwenye mapatano, mke wangu akanirushia mafungu ya nyasi, na kutoka ndani ya nyumba, kupitia mdomo wa shemeji, nikapata maelekezo: anza chini, panda juu, kaza kamba, hapo umeacha tundu. Majirani walikuja kuona tajiri wa Kahama juu ya kihenge na vidole vya buluu. Nilisikia mmoja akiuliza nina ugonjwa gani.

Nilipofunga kilele, tone la kwanza likanipiga shingoni. Nikashuka, tukasimama sote chini ya ukingo wa paa la nyumba, mkwe upande wake wa ukuta na mimi wangu, tukisikiliza mvua inavyoteremka juu ya nyasi mpya. Shemeji akaingiza mkono kihengeni, akatoa kiganja cha mtama, akautazama. Ulikuwa mkavu. Akampelekea mama yake ndani auguse mwenyewe.

Mashine yangu haikulala, mtama haukuoza, na mchezo wangu sasa una adui mmoja wa kubaki nyumbani, hakuna aliyemshinda tena, hata mimi. Nikijumlisha dizeli ya mlango wa nyuma, dereva na chakula chake, na jani la springi, sheria ile moja ya wino mwekundu ilinigharimu shilingi elfu moja mia moja sitini na tano na senti hamsini.